Meli Haitagi Mayai

Kwenye mhadhara wa dini, anayestahili kutazamwa zaidi ni yule aliyekaa pembeni ya mzungumzaji. Huyo ndiye msomaji. Biblia iko mapajani, vidole vimebana kurasa tatu nne kwa mpigo. Mzungumzaji akitaja sura na aya kisha akaamuru "Soma!", msomaji huwa keshafika. Akichelewa, waliosimama nyuma ya viti vya plastiki huanza kuguna, na hoja iliyokuwa na makali hupoa kama ugali uliosahaulika mezani.

Ujiji, mjini Kigoma, wanaujua mchezo huu. Kigoma ndiko walikotoka Mussa Fundi Ngariba na Mohamed Ali Kawemba, wahubiri wa Kiislamu waliovuta umati miaka ya 1980 kwa kuichambua Biblia hadharani, kwa Kiswahili, aya baada ya aya. Kitabu chao, Uislamu Katika Biblia, kilitoka Zanzibar mwaka 1987. Wakristo wengi walikasirika. Wachache walifanya la maana zaidi: walikwenda nyumbani wakaisoma Biblia yao upya. Mihadhara ilikuwa na kejeli nyingi, na mingine iliishia kwenye uhasama, lakini iliwalazimisha watu kujua wanachokiamini.

Sasa mweke mkongwe Mkristo wa mihadhara mbele ya mtu asiyeamini kuwa Mungu yupo. Akisema "Soma Yohana, sura ya tatu," ataulizwa kwa nini asomewe Yohana. Kitabu alichokuwa akikigombania na jirani Mwislamu hakipo tena mezani. Imebaki akili, na subira.

Na huyo asiyeamini si lazima atoke Ulaya. Mwaka 1970 mwandishi Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki akatamka kuwa yeye si Mkristo. Miaka hiyohiyo mshairi Okot p'Bitek wa Gulu, Uganda, alimkabili mwanateolojia John Mbiti wa Kitui, Kenya, akidai kwamba wasomi Wakristo wa Kiafrika wanaivika miungu ya wazee wao mavazi ya Kigiriki. Wote wawili walizaliwa mwaka 1931, wote wawili wasomi wa Afrika Mashariki, na hoja ya Okot bado inauma hadi leo.

Ufundi wa mtetezi wa imani huonekana wapi, basi? Chukua hoja ya mpangilio, kwamba kilichopangwa lazima kina aliyekipanga, ambayo kila mwanafunzi wa seminari huanza nayo. William Paley, Mwingereza, aliiandika mwaka 1802 kwa mfano wa saa iliyookotwa njiani. Kigoma hawana haja ya saa ya Paley, wana MV Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja hadi Kigoma kuunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, injini wakiwa wameipaka grisi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Nani atasema makasha yale yalijifungua yenyewe yakajipanga kuwa meli? Ukumbini watu hupiga makofi.

Hapo ndipo mkana Mungu aliyesoma husimama, akanyoosha kidole kwenye Ziwa Tanganyika. Humo mna samaki wa jamii ya siklidi, takriban spishi 240, karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Kuhe, anayekaangwa kila siku Kigoma mjini, ni mmoja wa siklidi wakubwa kabisa duniani. Ndugu yake mwingine ni mdogo kuliko kidole na makao yake ni ganda tupu la konokono. Wapo wanaoyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Watafiti wameonyesha kwamba utitiri huo wote ulichipuka humohumo ziwani, kizazi hadi kizazi, bila karakana. Meli haitagi mayai. Samaki hutaga, na penye kuzaana na kurithi, umbo hubadilika lenyewe.

Mtetezi mchanga hapa hupandisha sauti, akamtukana Darwin. Mtetezi aliyeiva hukubali. Husema, "Kweli, meli haitagi, mfano wangu umeishia hapo," kisha huuliza swali lililo chini ya samaki na meli vyote viwili: kwa nini kuna kitu chochote, na kwa nini kinafuata kanuni? Padri Frederick Copleston alimuuliza hivyo mwanafalsafa Bertrand Russell kwenye redio ya BBC mwaka 1948, na Russell akajibu kwamba ulimwengu upo tu, basi. Hakuna aliyeshinda usiku ule, lakini kila mmoja alimjibu mwenzake kwa kile alichokisema hasa. Hilo ni adimu kuliko ushindi.

Tena swali hilo lina sura ambayo madrasa za Ujiji zingeitambua. Kila kilichoanza kuwapo kina kilichokianzisha, ulimwengu ulianza, kwa hiyo una aliyeuanzisha. Mmarekani William Lane Craig, mtetezi maarufu wa Ukristo, aliisambaza hoja hiyo vyuoni kwa kitabu chake cha mwaka 1979, naye hafichi kwamba ameirithi kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Mbele ya mkana Mungu, wapinzani wa mihadhara hujikuta wamekalia benchi moja.

Kuna swali ambalo benchi lote hulipata gumu: kwa nini Mungu aache watu wateseke? Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walibanwa Kagunga, kijiji kilichoshikwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikaingia. Watu wapatao 30 walikufa. Liemba ilisimama mbali na ufuko, mitumbwi ikapeleka watu, kama 600 kwa safari. Wanafalsafa wa Kikristo hueleza mateso kwa uhuru wa binadamu, na maelezo hayo yanaifaa risasi. Kijidudu cha kipindupindu hakina hiari. Mwanateolojia Thomas wa Akwino, alipouliza kama Mungu yupo, aliliweka tatizo la uovu kuwa pingamizi la kwanza kabisa, kwa maneno makali, kabla hajajitetea hata kidogo. Mtetezi asiyethubutu kuitaja Kagunga yeye mwenyewe, akasubiri atajiwe, bado hajahitimu.

Mmisionari David Livingstone, kabla hajafika Ujiji, aliwahi kufanya vizuri, bila kukusudia, kazi hiyo ya kuipa hoja ya mpinzani nguvu yake yote. Katika kitabu chake cha mwaka 1857 aliandika majibizano yake na mganga wa mvua wa kusini mwa Afrika. Mganga anamwambia: mimi natumia dawa, nawe unatumia dawa, mvua wakati mwingine hainyeshi, na mgonjwa wako wakati mwingine hufa; akifa, huachi kuiamini dawa yako. Livingstone aliyaacha maneno hayo na makali yake yote, akakiri kwamba hakufaulu kumshawishi hata mtu mmoja kuwa hoja hizo ni potofu.

Kwenye jumba la makumbusho la Ujiji, pembeni ya miembe inayosemwa ni uzao wa ule walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, sanamu zao zimesimama zikivuliana kofia. Wageni hupiga picha. Mganga wa mvua hayumo.