Mercedes Waliondoka Gari Likiwa Tayari

Desemba 1980 Björn Waldegård alishinda rali ya Bandama kule Ivory Coast akiwa na Mercedes 500 SLC, na Jorge Recalde akashika nafasi ya pili kwa gari kama hilo hilo. Baada ya ushindi huo, wakubwa wa Mercedes kule Stuttgart wakaifunga timu ya rali. Uamuzi huo bado unatetewa hadi leo, hata hapa Kisumu, tena na watu wanaoijua Rali ya Safari barabara: gari lilikuwa zito, otomatiki haifai kwenye rali, na kampuni ya magari ya kifahari haina la kutafuta topeni. Sikubaliani nao hata kidogo. Sijaona kiwanda kilichokuja Safari kikafanya kosa kubwa kuliko hilo, na matokeo ya miaka iliyofuata yanathibitisha.

Tuanze na gari lenyewe. 450 SLC 5.0 iliyokuja Safari ya 1979 ilikuwa na injini ya alumini ya silinda nane, lita tano, na giaboksi otomatiki ya gia tatu. Boneti na mfuniko wa buti pia vilikuwa vya alumini ili kupunguza uzito. Urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulizidi ule wa SL ya kawaida kwa sentimita 36, na kwa barabara za marumu zenye mawimbi urefu huo ni faida, kwa sababu gari halirukiruki. Kuhusu otomatiki, yeyote aliyewahi kuendesha kwenye udongo mweusi wa Kano wakati wa masika anajua kinachomkwamisha dereva. Anakanyaga klachi kubadilisha gia, nguvu inakatika kidogo, magurudumu yanazama. Otomatiki haikati nguvu, na dereva anabaki na mikono yote miwili kwenye usukani.

Kasoro zilikuwepo. Uzito ulichosha breki na shoki, na Datsun 160J ya Shekhar Mehta ilikuwa nyepesi zaidi kwa mbali. Gia tatu nazo zilikuwa chache: ukipanda mlima mrefu kama ule wa Nandi, gia moja inaikaba injini na inayofuata inaichosha. Lakini 500 SLC ya 1980 ilikuja na gia nne. Kasoro iliyolalamikiwa zaidi ilikuwa imesharekebishwa, gari limeshashinda, ndipo wakubwa wakaamua kwamba basi.

Matokeo ya miaka hiyo miwili hayakuwa ya timu ya kufunga. Safari ya 1979 Hannu Mikkola alimaliza wa pili nyuma ya Mehta. Bandama ya mwaka huo Mercedes walichukua nafasi nne za kwanza: Mikkola, Waldegård, Andrew Cowan na Vic Preston Jr wetu, na kwa mara ya kwanza gari la otomatiki likashinda raundi ya ubingwa wa dunia. Safari ya 1980 Preston Jr akawa wa tatu.

Sasa tazama walioachwa. Walter Röhrl, bingwa wa dunia wa 1980, alikuwa ameshasaini mkataba wa kuendesha Mercedes mwaka 1981. Aliachwa bila gari. Waldegård, bingwa wa 1979, alikwenda Toyota akashinda Safari ya 1984, ya 1986 na ya 1990. Mikkola alikwenda Audi, akawa bingwa wa dunia mwaka 1983.

Kisha ikaja Safari ya Pasaka ya 1987, ambayo wengi wenu mliitazama mkiwa kando ya barabara. Mikkola alishinda akiwa na Audi 200 Quattro, na wa pili akawa Röhrl, pia kwa Audi 200. Gari hilo lilikuwa sedani kubwa ya Kijerumani, ya mabosi, yenye nafasi ya watu watano. Kila kilichosemwa kuwa hakiwezekani kwa Mercedes kilifanywa na majirani zao wa Ingolstadt, kwa madereva wale wale wawili. Najua jibu la watetezi: Audi ilivuta kwa magurudumu manne. Ni kweli. Lakini Celica za Waldegård za 1984 na 1986 zilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu, kama SLC, na zilishinda.

Hoja kwamba gari la kifahari lisichafuke inapuuza historia ya kampuni yenyewe. Gari la kwanza kuitwa Mercedes, la nguvu za farasi 35, Wilhelm Maybach alilibuni kwa maagizo ya Emil Jellinek, na likajipatia jina kwenye mashindano ya Nice mwezi Machi 1901. Matajiri wa Ulaya walilinunua baada ya kuliona likishinda. Heshima ya jina hilo ilitoka mashindanoni kabla ya kukaa kwenye viti vya ngozi.

Na hapa kwetu walikuwa na wazee wa kuwaonyesha njia. Bill Fritschy alishinda Safari ya 1959 na ya 1960 kwa Mercedes 219, na John Manussis akaongeza ya 1961 kwa 220 SE. Wote wawili walikuwa madereva wa huku huku. Nimeshasema mara nyingi na nitarudia: Safari hushindwa na anayeijua mvua kabla haijanyesha. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho hapo jirani, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Hakuhitaji gari jipya la kiwanda. Stuttgart wangempa Preston Jr uongozi wa timu wa miaka mitano, badala ya kumfanya nyongeza ya mabingwa wa Ulaya, leo tungekuwa na hadithi nyingine. Tabia ya kuwapuuza wenyeji ndiyo hiyo hiyo inayoifungia Safari ya siku hizi Naivasha, wakati wazo la kwanza la 1953 lilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria.

Anayetaka kujua subira ni nini awaangalie Lancia, kampuni ya magari ya kifahari iliyoanzishwa Turin mwaka 1906. Sandro Munari alikuwa wa tatu mwaka 1974, wa pili mwaka 1975, wa tatu tena mwaka 1977. Walipigwa, wakarudi. Mwaka 1988 Miki Biasion aliwashindia Safari kwa Delta Integrale, na mwaka uliofuata akarudia.

Mercedes walijaribu miaka miwili na SLC, wakalirekebisha gari, wakashinda Afrika Magharibi, wakaondoka. Hakuna kilichowashinda Kenya isipokuwa uamuzi wao wenyewe. Tangu Manussis avuke mstari mwaka 1961, Mercedes haijashinda Safari.