Sufuria ya Pili

Mgahawa naupima saa nane mchana. Saa sita na nusu kila mpishi ni hodari: wali umeepuliwa sasa hivi, mchuzi bado unatokota, wahudumu hawajachoka, na njaa ya mteja yenyewe imeshaongeza ladha. Saa nane mambo ni mengine. Sufuria ya kwanza imekwisha, meza zimefutwa na kukaliwa tena na tena, na anayeingia ni seremala aliyechelewa kumaliza kazi au abiria aliyeteremka basi la Lushoto akiwa hajala tangu alfajiri. Atakachowekewa mbele yake ndicho kitakachoonyesha kama jikoni kuna mtu anayeijua kazi.

Nikishakaa huagiza wali wa nazi. Pilau ina bizari na vitunguu vya kuisitiri ikiharibika, na biriani ina rojo lake. Wali wa nazi ni mchele, tui, chumvi na moto, basi. Kosa likiingia katika kimoja kati ya hivyo vinne, ulimi unalikuta kwenye tonge la kwanza. Ndiyo maana tonge la kwanza nalila kavu, kabla mchuzi haujagusa sahani.

Tanga, si mbali na stendi ya mabasi, yuko mpishi ninayemtazama akifanya kazi kila nipitapo kwenda Pangani. Wateja wote humwita Mama, hata waliomzidi umri. Mgahawa wake una meza chache, paa la bati na ubao ulioandikwa kwa chaki vyakula vya siku. Mtu anayechagua pa kula kwa kutazama viti ataupita. Mimi nimekula katika hoteli za vitambaa vyeupe mezani, pwani hii hii, nikaletewa wali ambao mama huyu asingethubutu kumpa mgeni.

Kazi yake huanza kwenye mchele. Anaujua kwa kuusugua kiganjani na kuunusa: huu wa Kyela, una harufu yake, huu umechanganywa, huu ni wa mavuno mapya, ukiupa maji ya kawaida utakuwa uji. Mchele mpya bado una unyevu wake na hutaka maji machache. Uliokaa ghalani umekauka na hunywa zaidi. Wenye maduka hawakuambii gunia lilivunwa lini, kwa hiyo kila gunia jipya linapofunguliwa hupika kwanza kidogo kwenye kisufuria, akala, akatafakari, ndipo akapanga kipimo cha siku hiyo. Msichana wake hupeta kwenye ungo na kuchambua mawe polepole, kiganja kwa kiganja. Sijawahi kugonga kijiwe kwa jino katika mgahawa ule.

Nazi nayo haichukui ovyo. Huitikisa karibu na sikio kusikia maji, huipima uzito mkononi, na koroma huiweka kando hata muuzaji akiapa kwamba imekomaa. Koroma ina utamu lakini haina mafuta ya kutosha, na wali wake hutoka mkavu. Mkunaji anayekaa juu ya mbuzi ameonywa kuhusu mwisho wa nazi: akikaza mkono hadi kwenye kifuu, gamba la kahawia huingia katika nazi iliyokunwa na tui huwa na rangi ya vumbi. Ukiona wali wa nazi uliofifia, wenye vidoa vya kahawia, jua kulikuwa na haraka kwenye mbuzi, au mashine ya sokoni ilikuna mpaka mwisho bila mtu wa kuizuia.

Kisha linakuja jambo linalonifanya nimheshimu kuliko wapishi wengi wenye jina. Migahawa mingi hukuna na kukamua nazi zote asubuhi, tui likakaa kwenye ndoo likingoja zamu yake. Kwa joto la Tanga, hasa miezi ya kaskazi, tui halingoji mtu. Kufika saa saba limeanza kuchacha. Halijanuka waziwazi, lakini lina ukali kidogo nyuma ya ulimi. Mteja wa sufuria ya kwanza amekula tui la alfajiri likiwa bado zuri. Mteja wa sufuria ya pili anakula uchachu, hajui kwa nini leo wali haukumkaa vizuri. Mama huyu hukamua mara mbili. Nazi za sufuria ya pili hubaki nzima ndani ya vifuu vyake, hazivunjwi mpaka muda wake ufike. Ni kazi maradufu: kuvunja tena, kukuna tena, kuosha kifumbu tena, katikati ya saa ambayo mikono yote inahitajika kupakua.

Hukamua kwanza kwa maji kidogo ya uvuguvugu. Hilo ndilo tui zito, ambalo Mombasa wanaliita kasimile, na huwekwa kando. Machicha yaleyale hutiwa maji mengine, yakakamuliwa tena na tena mpaka yatoe tui jepesi. Tui jepesi ndilo linalokwenda motoni na chumvi, na hapo haondoki: hulikoroga kwa upawa bila kuacha mpaka lichemke, kwa sababu likichemka peke yake hukatika, mafuta yakapanda juu na maji yakabaki chini, na mchele unaoingia humo hutoka juu umelowa mafuta, chini umepooza. Mchele ukishaingia na maji yakashuka hadi usawa wake, ndipo anamimina tui zito. Anageuza mara moja kwa mwiko, kutoka chini kuja juu, akafunika. Baada ya hapo hagusi tena. Anayechokonoa wali kila dakika huvunja punje, na punje zilizovunjika hutoa wanga unaozigandisha zote pamoja. Wa kwake huchambuka punje kwa punje, huku kila moja imeshiba tui.

Wapishi wa nyumbani hupima maji kwa kidole: kiungo kimoja juu ya mchele. Kipimo hicho kinafaa kwa sufuria ya watoto watano. Kwenye sufuria ya kilo kumi hakifai, kwa kuwa wingi wa mchele umeongezeka sana kuliko upana wa mdomo wa sufuria, mvuke unaopotea ni mdogo kwa kila kilo, na ukiongeza maji kwa hesabu ileile ya kila kilo unapata bokoboko. Anayejua kupika kwa familia hajui bado kupika kwa mgahawa. Ujuzi huu wa pili hujifunzwa mbele ya sufuria kubwa, kwa kuharibu na kula ulichoharibu, na sijaona kitabu cha mapishi kinachoueleza sawasawa.

Juu ya kifuniko hupalia makaa. Moto wa chini hupunguzwa mpaka ubaki joto tu, na ule wa juu humalizia kukausha bila kuunguza. Sasa wapishi wa mijini wanahimizwa kuacha mkaa: Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ulioanza 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Sina ugomvi na hilo. Nimekaa katika majiko ya migahawa, nimeona macho ya wanawake walioishi ndani ya moshi. Lakini jiko la gesi halina moto wa juu, na tatizo hilo limeachiwa wapishi walitatue wenyewe. Wamelitatua. Dar es Salaam, pembeni mwa Kariakoo, nimemwona mmoja ameweka bamba zito la chuma kati ya mwali na sufuria ili joto lisambae, akafunga kifuniko kwa kitambaa kilicholowa ili mvuke usitoke, juu yake akaweka jiwe. Wali ulitoka mzuri sana, ila ukoko wake ulikuwa mwembamba. Huo ni uvumbuzi, na umefanywa na mtu ambaye hakuna atakayemwita mvumbuzi.

Ustadi huu unafungamana na mahali pia. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mpishi wa pwani anayehamia huko hukuta wali wake una kiini, ingawa amefanya kila kitu alichofanya Mombasa. Inambidi aongeze muda na kifuniko kibane zaidi. Halafu kuna baridi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, jambo ambalo mchana wa Tanga halitokei kamwe, lakini jioni ya Julai Nairobi au Arusha linatokea sahanini huku mteja akila: wali unaanza na utamu na kumalizika na utando mdomoni. Migahawa ya Waswahili ya bara iliyo makini hupasha sahani kabla ya kupakua. Ukipewa sahani ya moto mjini Nairobi, mshukuru mtu wa jikoni, maana amekufikiria mpaka tonge la mwisho.

Turudi kwenye saa. Sufuria ya pili ikipikwa mapema, wali hukaa umefunikwa, hujipika kwa mvuke wake, ukalainika na kupoteza harufu. Ikichelewa, watu wanakaa mbele ya meza tupu. Hakuna saa ya ukutani inayomwambia Mama aanze lini. Hutazama kina cha sufuria ya kwanza, lakini zaidi huyatazama mawingu, kalenda na barabara. Mvua ikianza saa tano, watu wa ofisini hawatoki. Mwisho wa mwezi wanaagiza samaki wa kupaka, katikati ya mwezi maharage, lakini wali ni uleule. Ijumaa baada ya sala watu humiminika kwa pamoja, na wengi wanataka pilau, kwa hiyo sufuria ya pili ya wali wa nazi huwa nusu tu. Siku mabasi ya Dar yakichelewa, naye huchelewesha kuvunja nazi. Anayafanya haya huku anapakua, anarudisha chenji na kumjibu shikamoo mtoto wa shule aliyetumwa na bakuli. Ukimuuliza ameamuaje, atakwambia, “Mwanangu, wanakuja tu, nawaona.”

Sehemu ya kuona huko anaifanya mhudumu, na hapa ndipo wahakiki wengi wa vyakula wanapokosea, kwa kumpima mhudumu kwa tabasamu. Yule wa mgahawa ule ni kijana mkimya. Hukuletea jagi la maji ya uvuguvugu na beseni kabla hujaomba, humwanza mzee kisha kijana, hamwagi maji mezani. Haandiki chochote. Husikiliza meza nzima, akageuka na kuita kwa sauti moja: “Wali samaki mbili, wali maharage moja, ugali mchicha moja, wa ugali pilipili pembeni!” Na kila sahani inatua mbele ya mwenyewe. Mchuzi huja katika kibakuli chake, haumwagwi juu ya wali, kwa hiyo anayetaka kuonja wali mtupu anapata nafasi. Ukimaliza mchuzi kabla ya wali huja na upawa mwingine bila kukuhesabia. Bei iko kwenye ubao, ni ile ile kwa mwenyeji na kwa mgeni aliyebeba begi kubwa mgongoni. Jambo hili la mwisho si la kawaida kote pwani, na nalihesabu katika utumishi mwema sawa na usafi wa glasi.

Pia, hesabu ya sahani zilizokwenda iko kichwani mwake, na humpelekea Mama jikoni kwa neno moja moja anapopita: “Thelathini.” “Arobaini, na basi limeingia.” Bila hesabu ile, nazi zisingevunjwa kwa wakati.

Kwingine nimeona ustadi wa namna nyingine, na sitaki kuonekana kama ninajua mlango mmoja tu. Katika mgahawa wa Lukmaan, pale Mkunazini Unguja, vyakula vimepangwa mbele yako, unaonyesha kwa kidole na kupakuliwa. Huko jicho la mteja ndilo mhakiki wa kwanza, na mpishi hana njia ya kukuletea usichokiona. Ni utaratibu wa haki, na foleni huenda haraka. Ila wali uliopangwa mbele ya watu hupoteza mvuke wake, na mimi kwa wali wa nazi bado nachagua sufuria iliyofunikwa.

Siku nyingine mtu huingia mgahawani wakati sufuria ya kwanza imekwisha na ya pili bado haijaiva. Mahali pengi utaambiwa “dakika tano, bosi,” ukakaa nusu saa, au utaletewa wali uliotolewa kabla ya wakati, umelowa na una kiini. Yule kijana wa Tanga husimama mbele ya mteja na kusema: “Baba, wali wa nazi ni dakika ishirini. Wali mweupe upo sasa hivi, na ugali upo.” Wapo wanaoondoka. Mama huwaona wakiondoka, pesa ya siku hiyo ikatoka mlangoni, wala hafungui kifuniko. Waliobaki huletewa chai ya rangi, na dakika ishirini zikitimia makaa huondolewa juu ya kifuniko, wali ukapakuliwa.