Mto Tana Hutoa Onyo, Magari Yanahitaji Kanuni

Mei 2024, Mamlaka ya Barabara Kuu ya Kenya (KeNHA) ilifunga barabara ya Garsen–Lamu eneo la Lango la Simba, karibu na Gamba, baada ya Mto Tana kuvunja kingo. Novemba 2023, mvua za El Niño zilikuwa zimeikata barabara hiyo hiyo. Uamuzi wa kufunga ulikuwa sahihi. Hata hivyo, kizuizi cha polisi hakitoshi: lazima ijulikane mapema kila gari litasimama wapi.

Tuanze na maji. Mafuriko makubwa ya Garsen hutoka mbali. Bwawa la Masinga, la juu kabisa kati ya mabwawa matano ya Seven Forks, hujaa maji yakifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Likijaa, maji humwagika, yakapita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha Garissa na Hola, ndipo yaingie kwenye delta. Safari hiyo huchukua siku kadhaa, na siku hizo ndizo mtaji wetu.

Sisi tuna siku kadhaa; Minneapolis, jiji la Marekani, huhesabu onyo lake la theluji kwa saa tu. Dharura ikitangazwa jioni, kuanzia saa tatu usiku ni marufuku kuegesha gari upande wowote wa barabara kuu zilizoteuliwa. Kesho yake, saa mbili asubuhi, mitaa mingine huondolewa magari upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, upande wa witiri. Anayekaidi hutozwa faini na gari lake huvutwa. Mitambo ya kusukuma theluji hupata njia kwa sababu kila dereva aliijua kanuni kabla ya theluji kuanguka.

Sasa tuitazame lami. Maji yanapovuka tuta la barabara, hushuka kwa kasi upande wa pili na kuchimba chini yake, hadi lami inabaki ikining'inia huku juu ikionekana nzima. Yakipungua, hatari haijaisha. Udongo mfinyanzi wa delta hukaa umeloa kwa muda mrefu, na lori lenye shehena likipita wakati huo huvunja barabara ambayo mafuriko yenyewe yaliiacha. Nayo foleni ya malori kando ya lami huwazibia njia ambulensi na tingatinga linaloleta mawe ya kujaza shimo.

Kwa hiyo napendekeza hatua tatu. Kwanza, Masinga ikianza kumwaga na kipimo cha maji cha Garissa kikipanda, malori yazuiwe Minjila na Witu, yaegeshwe kwenye viwanja vilivyotengwa nje ya lami, penye maji ya kunywa na vyoo. Pili, maji yakigusa tuta, upande mmoja wa barabara ubaki wazi kwa mitambo na magari ya wagonjwa. Tatu, kufungua kufuate uzito: ambulensi na magari madogo, kisha mabasi, na malori mwisho, baada ya wahandisi kupima tabaka za chini.

Hili linawezekana. Kwa miaka mingi mabasi ya Lamu yamesafiri kwa msafara wa polisi kwa sababu ya mashambulizi ya al-Shabaab. Madereva wa njia hii wamezoea kungoja, kupangwa na kuruhusiwa kwa zamu. Nidhamu hiyo itumike pia wakati wa mafuriko.

Aprili 28, 2024, boti lililokuwa likivusha abiria palipofunikwa na maji Kona Punda, Madogo, karibu na Garissa, lilizama na watu wakafa. Abiria anayeachwa ukingoni bila mpango atapanda chochote kinachoelea. KeNHA, polisi na kaunti za Tana River na Lamu ziandike kanuni hii, ziitangaze redioni na kuibandika kwenye vituo vya mabasi kabla ya mvua za vuli.