Udongo Unatupwa Juu

Fundi niliyemtazama akipima shamba karibu na Matinyani hana cheti wala fulana yenye nembo ya mradi. Ana miti mitatu aliyoifunga kwa kamba ya katani ikawa na umbo la herufi A, na kutoka kileleni unaning'inia uzi wenye jiwe. Huusimika mguu mmoja, akauzungusha wa pili mbele, kisha akasubiri jiwe litulie. Uzi ukilala juu ya alama aliyoichonga kwenye mti wa katikati, anapigilia kigingi na kusonga. Usipolala hapo, anausogeza mguu, juu kidogo, chini kidogo, anasubiri tena. Kijana aliyekodiwa kuchimba alikuwa amekwisha kuweka jembe begani. Akauliza kwa nini wasivute kamba moja kwa moja mpaka kwenye ua wa katani, maana mstari ulionyooka ndio unaopendeza. Mzee hakugeuka. "Maji hayaangalii uzuri, mwanangu," akasema, macho yake yakiwa kwenye jiwe.

Shamba lenyewe ni la mtu aliyefanya kazi mjini miaka mingi, sasa amerudi ale jasho la ardhi yake. Watu wa namna hiyo ni wengi siku hizi huku Ukambani, katika Kitui na Makueni. Wanarudi na ndoto nzuri: mboga zangu, mayai yangu, maziwa yangu, nisimtegemee mtu. Kazi ya kwanza ni mabati mapya. Kisha linakuja tangi la plastiki, paneli za sola, ua wa waya, na wenye uwezo huita mtambo wa kuchimba kisima. Kisima hicho nacho, katika sehemu nyingi za Kitui, hutoa maji ya chumvi ambayo hata ng'ombe huyanusa kwanza. Wakati huohuo mitaro aliyoichimba baba yake imejaa udongo, matuta yamekanyagwa na mifugo, na mvua ya Novemba ikishuka inapita shambani kama mgeni asiyeombwa kuketi. Inashuka mtoni, na udongo wa juu imeubeba.

Hapa ndipo ninapogombana na ndoto hiyo. Nchi yetu haikosi mvua kabisa. Sehemu kubwa yake inapata misimu miwili, na huku kwetu wa Oktoba hadi Desemba ndio unaoaminika zaidi. Taabu ni kwamba mvua yenyewe huja kwa vishindo vichache, na nusu ya msimu inaweza kunyesha katika usiku wa siku tatu au nne. Asiyeyakamata maji usiku huo hana msimu. Waliotutangulia walilijua jambo hili, na maarifa yao yote ya kujitosheleza yalianzia hapo: maji yasimamishwe yalipoanguka. Mbegu, mbuzi, ghala na mizinga ya nyuki vilifuata baadaye.

Si kwamba walizaliwa wakiipenda mitaro. Katika miaka ya 1930 vilima vya Ukambani vilikuwa vimechunwa, makorongo yamefunguka, na serikali ya kikoloni ikaona dawa ni kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kudai mifugo yao. Serikali ikalegeza kamba, lakini yeye ikampeleka kizuizini Lamu. Baadaye ikaja mitaro ya amri, watu wakichimba machifu wamewasimamia, na mtaro wa amri haupati mwenyewe wa kuuzibua. Mambo yaligeuka pale watu walipoanza kuchimba kwa hiari yao, wakachagua wenyewe aina ya mtaro uliowafaa, na wengi wakaichagua fanya juu. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu kizima kuhusu habari hiyo, More People, Less Erosion, kilichotoka mwaka 1994. Kinaihusu Machakos ya zamani, ambayo hadi mwaka 1992 ilikuwa na Makueni ndani yake. Kinaonyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na badala ya ardhi kuharibika zaidi, ilipona. Kuna wataalamu waliokuwa wametabiri jangwa.

Ardhi iliponywa kwa jembe na beleshi. Ukichimba mtaro wa fanya juu, udongo unautupa upande wa juu wa mteremko, ukafanya tuta. Ni kazi ya kuvunja mgongo, kwa sababu kila beleshi unalipandisha dhidi ya mlima. Kuutupa chini ni rahisi mno, na vibarua wanaolipwa kwa mita, usipowasimamia, watautupa chini. Lakini tuta likikaa juu, kila mvua inaleta udongo kidogo na kuulaza nyuma yake. Mwaka baada ya mwaka shamba linajisawazisha lenyewe, mpaka mteremko unakuwa ngazi pana unazoweza kulima kwa ng'ombe bila kuhangaika. Juu ya tuta unapanda nyasi za makarikari, au nepia kule Mbooni na Kilungu kwenye unyevu zaidi, zishike udongo na zilishe ng'ombe. Ndani ya mtaro, maji yanapokawia, unaweka migomba au mipapai. Nyuma ya tuta ni mbaazi, kunde, ndengu na mahindi. Tuta linafanywa na binadamu kwa siku chache. Ngazi inafanywa na mvua kwa miaka. Anayechimba leo anamchimbia mtu mwingine, na sijui kazi nyingine ya shambani yenye adabu kama hiyo.

Ninachokikumbuka zaidi si kuchimba, ni kulinda. Mvua ya kwanza ya msimu ilipoanza kugonga mabati usiku, sisi watoto tulijifunika hadi kichwani kwa raha ya baridi. Baba aliamka. Alichukua gunia la katani, akalikunja kona moja ndani ya nyingine likawa kofia ndefu iliyomfunika kichwa na mgongo, akawasha taa ya chemni iliyokuwa na kioo kilichopasuka, akachukua jembe, akatoka. Kutoka dirishani tuliona mwanga ukienda polepole, ukisimama, ukirudi, kisha ukiteremka hatua moja na kuanza tena upande wa pili. Alikuwa akiyakagua matuta moja baada ya jingine, kuanzia juu kabisa.

Kuanzia juu, kwa sababu mtaro haupasuki peke yake. Panya akiwa amechimba shimo kwenye tuta la kwanza, au mbuzi wamelikanyaga mahali pamoja, maji yaliyojaa yanapenya hapo, yanapanua mlango, yanaliangukia tuta la pili kwa nguvu ambayo halikujengewa. La pili likienda, la tatu halina la kufanya. Kwa saa moja kazi ya miaka inaweza kulala mtoni. Baba akikuta mahali panapovuja alikata bonge la udongo lenye nyasi na mizizi yake, akalishindilia kwa kisigino, akaongeza jingine. Mara nyingine tulimsikia akipaza sauti kuelekea chini, kwa jirani, na sauti ya jirani ikijibu ndani ya mvua. Hawakuwa wakisalimiana. Alikuwa akimwambia maji yamemshinda wapi, ili mwenzake akayangojee huko na jembe lake. Alirudi magoti yakiwa mekundu kwa matope, mama akampa chai, na hakuna aliyemsifu. Ilikuwa kazi ya mwanamume au mwanamke yeyote mwenye shamba kwenye mteremko.

Jirani yule wa chini ndiye asiyeonekana katika ndoto za leo. Tunasema kujitosheleza tukimaanisha mtu na ua wake. Wazee hawakuijua maana hiyo. Mitaro mingi ya Ukambani ilichimbwa na mwethya, vikundi vya majirani ambao wengi wao walikuwa akina mama, leo kwako, kesho kwangu, na malipo yalikuwa chungu cha muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na zamu yako itakapofika. Akina mama haohao ndio waliobeba mawe kujenga mabwawa ya mchanga. Katika miaka ya 1990 na baadaye shirika la SASOL lilisaidia jamii za Kitui kujenga mamia ya mabwawa hayo: ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu, mafuriko yanaujazia mchanga nyuma yake kwa misimu kadhaa, na maji yanajificha ndani ya mchanga huo mbali na jua. Kiangazi kikiwaka, watu wanafukua kisima kifupi, wanajaza mtungi, wanapakia punda na kurudi nyumbani. Saruji na utaalamu vilitoka kwa shirika. Mawe, mchanga na mikono ilitoka kijijini.

Sasa mchanga wenyewe unapakiwa kwenye malori ukajenge magorofa mjini. Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015, na iliona mbali. Mto uliokombwa mchanga haushikilii maji hata ukuta ukiwepo. Nasikitika zaidi nikiwaza kwamba nyumba nyingi zinazojengwa kwa mchanga huo ni za watoto wetu, ambao siku moja watataka kurudi kuishi kwa shamba.

Sina ugomvi na tangi. Lita 10,000 ni baraka kwa mama aliyezoea kwenda mtoni na punda. Lakini tangi lina kifuniko na kipimo, likijaa limejaa, na mvua iliyobaki inashuka. Udongo uliotulia nyuma ya tuta unameza maji kupita tangi lolote la dukani. Wala mitaro haipendezi kwenye picha. Mtu anakuja kutembelea shamba jipya, anaonyeshwa kuku wa kisasa na taa za sola. Nani atampeleka kwenye mstari wa nyasi na kumwambia simama hapa utazame?

Yule mzee wa Matinyani alimaliza mstari wake jioni. Ulikuwa umepinda kama unavyopinda mlima, na yule kijana aliutazama kwa mashaka. Nilimuuliza mzee nani atapima baada yake. Akasema wanawe wako Nairobi na Mombasa, na mjukuu mmoja ana simu inayopima kila kitu. Alisema hivyo bila uchungu. Uchungu niliondoka nao mimi. Kuna wazee wachache katika kila kata ambao bado wanaweza kuutazama mteremko mkavu mwezi wa Septemba na kukuonyesha kwa kidole maji yatakakosimama Novemba, na hatuwaulizi. Tunauliza bei ya pampu.

Basi wewe unayepanga kurudi, uje kabla ya Oktoba. Kabla hujalipia tangi, ulizia kijijini ni nani aliyekuwa akipimia watu mitaro, umlipe vizuri, na mtoto wako ndiye amshikie vigingi. Wasimamie wachimbaji watupe udongo juu. Na kabla jembe halijaguswa, shuka kwa jirani wa chini, umwambie maji yako yatatokea wapi.