Nguzo Isiyo na Jina

Ndugu msomaji, twende Kisarawe kwanza, Kibaha tutafika.

Kisarawe ni Uzaramo. Huko mchongaji hakungoja kazi iishe ndipo aje kuremba. Mtazame mwana hiti. Ni kisanamu cha mti: kichwa chenye shungi, mara nyingi mbili, matiti, kitovu, basi. Hana mikono, hana miguu. Mwali alipewa akiwa ndani, amtunze kama mwanawe. Lakini umbo hilohilo utalikuta kwenye bakora, kwenye kiti cha mkubwa, hata juu ya baadhi ya nguzo za makaburi. Hapo ndipo ninapouona ustadi wenyewe. Mchongaji ameupunguza mwili mpaka umekaribia kuwa nguzo, kwa hiyo nguzo inaupokea bila kulazimishwa. Huwezi kubandua pambo ukabakiwa na mti. Mti ndio mtu.

Linganisha na majengo yetu. Ofisi inakwisha, ndipo anaitwa kijana achore twiga na Mlima Kilimanjaro ukutani. Rangi ikichujuka, inapakwa nyingine juu yake, habari imekwisha. Eti nayo ni sanaa ndani ya jengo! Hapana bwana, huko ni kubandika.

Wapo watakaosema: fedha zitoke wapi? Haya, tumefika Kibaha. Shirika la Elimu la pale lilianza 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likakabidhiwa kwetu 1970. Uswidi ni mmoja wa wafadhili wale. Bunge lake liliamua mwaka 1937 kwamba kiasi cha asilimia 1 ya gharama za majengo ya serikali kiende kwenye sanaa. Shule tulizipokea kwa mikono miwili. Wazo hili mbona hatukuliomba?

Lakini fedha peke yake haitoshi. Kazi nyingi za Wazaramo zimekwenda makumbusho ya Ulaya, na mara nyingi kibandiko kinataja kabila tu, mchongaji hatajwi. Kijijini fundi alijulikana. Jina lake lilikaa midomoni, na midomo ikafa. Tingatinga tunamjua kwa jina, ndiyo maana tunaweza kubishana: nani alimwiga, nani alimzidi. Kwa mchongaji asiye na jina mhakiki anauliza nini? Alianzaje? Aliishia wapi? Tumehifadhi mti, tumempoteza mtu.

Ombi langu ni dogo. Halmashauri ikijenga, Kibaha au Kisarawe, nguzo mbili za barazani zichongwe na fundi wa hapohapo. Awepo siku ramani inapochorwa, asiitwe siku ya kupaka rangi. Na jina lake lichongwe kwenye nguzo yenyewe.

Kwani kwenye jiwe la msingi tunaandika jina la nani? La mgeni rasmi, aliyekaa nusu saa akaondoka. Aliyeinama na tezo miezi mitatu je?