Zaidi ya Damu: Dhana ya Msindikizaji katika Uhakiki wa Yehudi na Hephzibah Menuhin

Sehemu hii inahakiki maelezo yaliyozoeleka kuhusu ushirikiano wa Yehudi Menuhin (1916–1999), mpiga fidla, na dada yake Hephzibah (1920–1981), mpiga piano. Maelezo hayo ni mawili: kwamba waliafikiana kwa sababu ya udugu wa damu, na kwamba Hephzibah alikuwa msindikizaji wa kaka yake. Mtafiti anaona kuwa yote mawili yanaficha kazi ya mpiga piano.

Kuhusu damu, ikumbukwe kwamba ndugu hawa walikuwa watatu. Yaltah, kitinda mimba, naye alikuwa mpiga piano, na kama Hephzibah alifundishwa na Marcel Ciampi. Hata hivyo, ubia uliosifika ni wa Yehudi na Hephzibah. Udugu, basi, unaeleza fursa ya kukua na kupiga muziki pamoja. Peke yake hauelezi ubora wa matokeo.

Dhana ya usindikizaji ina kasoro kubwa zaidi. Katika Kiswahili, msindikizaji humtoa mgeni sehemu ya njia kisha akarudi. Safari si yake. Maana hiyo hailingani na kazi walizozipiga. Mwaka 1933, Hephzibah akiwa na umri wa miaka 13, walirekodi sonata ya Mozart ya mwaka 1787, K. 526. Katika sehemu yake ya pili, piano ndiyo inayoanza kuweka mwendo wa taratibu, nayo fidla huingia kwa vipande vifupi. Vivyo hivyo, katika Sonata ya Kreutzer ya Beethoven, ambayo pia waliirekodi, fidla huanza peke yake. Piano hujibu, na jibu hilo ndilo linalougeuza muziki kutoka mwanga kuelekea giza. Beethoven mwenyewe, katika anwani ya kazi hiyo, aliitaja piano kabla ya fidla.

Inaweza kudaiwa kuwa jina la msindikizaji lilitokana na umaarufu wa Yehudi, ambaye mwaka 1932 alikuwa amekwisharekodi koncheto ya Elgar, mtunzi mwenyewe akiongoza okestra. Dai hilo lina uzito, lakini linaeleza umaarufu wa wapigaji, si muundo wa muziki. Mhakiki anayehamisha umaarufu na kuufanya kigezo cha usikilizaji hukosa kusikia nusu ya kazi anayoihakiki.

Kwa hiyo, mtafiti anapendekeza istilahi ya majibizano. Katika utamaduni wa ushairi wa Kiswahili, malenga anayejibu hahesabiwi kuwa msindikizaji wa aliyeanza. Jibu lake hupimwa kwa vina, mizani na hoja zake. Istilahi hii haikanushi kwamba zipo nyakati ambapo piano huipisha fidla. Inachodai ni kwamba fidla nayo huipisha piano, na kwamba Hephzibah anastahili kuhakikiwa kwa alichokipiga, si kwa aliyezaliwa naye.