Hongereni, Mafundi wa Toronto

Baridi inapoingia Toronto, panya, kindi na rakuni husaka joto kwenye dari za nyumba. Hapo ndipo mafundi wa kuzuia wanyamapori wanapostahili pongezi zetu. Hupanda ngazi na kukagua kuta na paa kwa subira, kwani tundu la milimita 6 tu humtosha panya mdogo kupenya. Huziba nyufa kwa wavu wa chuma na kuweka mlango wa kutokea tu: mnyama akitoka, harudi. Wakikuta popo wamelala usingizi wao mrefu wa baridi, huwaacha hadi majira ya kuchipua. Huo ni ufundi wenye huruma. Hongereni sana! Nawe mwenye nyumba, waite mapema, kabla theluji haijaanguka.